Mwalimu wa uongo ni nani hasa? Jinsi ya kupima mafundisho bila kumzushia jirani

Mabango ya mikutano ya injili hayakauki Tanga. Likitoka la viwanja vya Tangamano, linabandikwa la Makorora, na gari la matangazo linazunguka Ngamiani tangu asubuhi likiahidi usiku wa kufunguliwa, laana za ukoo kukatwa na ndoa zilizokwama kukwamuka. Kila bango huja na ubishi wake. Mmoja atasema mhubiri ni nabii feki, na ushahidi wake ni gari analoendesha. Mwingine atasema ni mtumishi wa kweli, maana shangazi yake wa Muheza aliombewa mgongo ukapona. Wa tatu hana haja ya ushahidi: "Freemason huyo." Wa nne ataguna tu: "Haya, tutaishia Shakahola."

Shakahola ni msitu ulioko Kaunti ya Kilifi, bara ya Malindi, pwani hii hii yetu ukivuka Horohoro na kuipita Mombasa. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi humo, na hesabu ya miili ikapita 400. Mhubiri Paul Mackenzie anashtakiwa kwamba aliwaagiza wafuasi wake wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Yeye ameyakana mashtaka. Kabla ya hapo, Machi 2000, mamia ya watu wa kundi lililosubiri mwisho wa dunia walikufa huko Kanungu, Uganda. Na kwetu, Februari 1, 2020, watu 20 walifariki Moshi kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Watu wana haki ya kuogopa. Lakini tazama vizuri: yale mawili ya kwanza yanahusu mafundisho yanayodaiwa kuua. La Moshi lilikuwa kwanza la umati na usalama wake, hata kama mtu ana maswali yake juu ya hayo mafuta. Tumezoea kuyatia yote kapu moja, na humo humo tunaongeza mchungaji mlevi, dhehebu la jirani na mwizi wa sadaka. Kapu likijaa hivyo, hatuoni tena kilicho hatari.

Tuanze na maana. Mwalimu wa uongo, kwa jinsi Agano Jipya linavyomzungumzia, ni mtu aliye ndani ya kanisa, au anayejitambulisha kuwa wa ndani, anayefundisha jambo linalobomoa msingi wa imani: Mungu ni nani, Yesu ni nani, mwanadamu anaokolewaje. Sisitiza hilo la ndani. Paulo alipowaaga wazee wa kanisa la Efeso kwenye bandari ya Mileto, hakuwaonya tu juu ya mbwa-mwitu watakaotoka nje. Aliwaambia kwamba miongoni mwao wao wenyewe watainuka watu wakisema mapotovu, wawavute wanafunzi wawaandamie wao (Matendo 20:30). Shika maneno hayo ya mwisho, tutayahitaji.

Kwa maana hiyo, jirani yako Mwislamu anayekuambia waziwazi kwamba haamini Yesu ni Mwana wa Mungu si mwalimu wa uongo. Hajakudanganya kitu. Amekueleza imani yake, na mkimaliza mtakunywa kahawa. Katika mji ambao ukoo mmoja una akina Hamisi na akina Yohana, jambo hili lafaa lisemwe kwa sauti, maana wapo wahubiri ambao wakipanda jukwaani "kulinda imani" hutumia saa nzima kuitukana dini ya jirani, na mafundisho ya ajabu yaliyomo kanisani mwao wenyewe hawayagusi.

Wala kila anayekosea si mwalimu wa uongo. Apolo alikuwa msemaji hodari wa Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakumpigia kelele katikati ya mahubiri. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, naye akapokea (Matendo 18). Petro, jiwe mwenyewe, alikemewa na Paulo hadharani kule Antiokia. Kinachotenganisha kosa na uongo mara nyingi ni kile kinachofuata baada ya mtu kusahihishwa.

Halafu zipo tofauti za madhehebu, na hapa Tanga tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka 1913 wamisionari wa Kianglikana, wa Kipresbiteri na wa jumuiya nyingine walikutana Kikuyu, Kenya, kuzungumzia ushirikiano, na mwishoni wakashiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti. Habari zikamfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake wakati huo ilibeba pia Magila, Muheza na Korogwe. Akawashtaki maaskofu wenzake wawili, wa Mombasa na wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Shtaka: uzushi. Weston hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa msomi, mcha Mungu, na baadaye aliipinga serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Hata hivyo kesi ya uzushi haikufanyika, na leo Waanglikana, Walutheri na Wamoraviani wamo pamoja katika Jumuiya ya Kikristo Tanzania na wanasoma Biblia ile ile ya Union Version ya mwaka 1952. Ikiwa mtu wa kimo chake aliweza kulitupa neno zito namna ile kwa wenzake, sisi wa kijiweni tulitumie kwa kupima. Ubatizo wa watoto, Jumapili au Jumamosi, rozari, kunena kwa lugha: haya ni ya kubishania, tena sana, lakini hayamgeuzi mtu kuwa mbwa-mwitu.

La mwisho kwenye kapu ni utapeli. Mtu aliyewauzia waumini viwanja hewa ni tapeli hata kama anaikiri Imani ya Nikea, lile tamko la imani la kanisa la kale, neno kwa neno bila kukosea. Huyo anahitaji polisi kabla ya kuhitaji mjadala wa Biblia.

Tunapima kwa nini?

Waraka wa Yuda, aya ya 3, unawataka waamini waishindanie imani waliyokabidhiwa watakatifu mara moja tu. Yaani kuna kitu kilichokwisha kukabidhiwa. Hakiongezewi toleo jipya kila mkesha wa Ijumaa.

Ukiwa soko la Mgandini ukashuku mizani ya muuza maharage, kubishana naye hakusaidii, wala kumkagua usoni kama ana sura ya wizi. Unatafuta jiwe la kilo lililohakikiwa, unaliweka kwenye sahani, unaangalia mshale unakwenda wapi. Kanisa lilijiwekea mawe ya namna hiyo mapema sana, mafupi na ya kukaririka: Imani ya Mitume na Imani ya Nikea. Mkatoliki huanza "Nasadiki", Mlutheri na Mwanglikana "Namwamini". Wengi tuliikariri darasa la kipaimara na kuiacha hapo hapo. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayaikariri Jumapili, lakini ukisoma matamko yao ya imani utakuta mambo makuu ni yale yale.

Jiwe la Nikea lilitokana na ugomvi wa kweli, na ugomvi huo unafundisha kuliko mifano yetu ya magari na saa za dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 300, huko Aleksandria, padre mmoja aitwaye Ario alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe: cha kwanza, cha juu kabisa, lakini kiumbe, na kwamba kabla ya kuumbwa hakuwapo. Ario hakuuza maji ya upako. Alijulikana kwa maisha ya kujinyima, alikuwa na sauti ya upole, na alinukuu Biblia. Wanahistoria wa kale wanasimulia kwamba aliyatia mafundisho yake katika nyimbo za mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri, zikaenea bandarini. Kwa vipimo vyetu vya kijiweni angepita bila kuguswa. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, mji ulioko Uturuki ya leo, wakakiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Mwaka 2025 makanisa duniani yaliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso huo.

Kwa nini waligombana hivyo kwa jambo linaloonekana la wasomi? Kwa sababu kama Yesu ni kiumbe, basi aliyekufa msalabani ni mjumbe tu aliyetumwa, na Mungu mwenyewe hakuja. Na ukishakubali kwamba mwokozi anaweza kuwa kiumbe, umefungua mlango kwa kiumbe kingine, mwenye kipaza sauti, aje aongeze wokovu wake.

(Hapo kwenye nyimbo naomba kuongeza neno. Wengi wetu mafundisho tunayoyakumbuka Jumatano hayatoki kwenye mahubiri ya Jumapili, yanatoka kwenye kwaya na nyimbo za injili za kwenye simu. Mashairi yake yapimwe pia.)

Sasa weka watu kwenye sahani. Anayesema yeye ndiye Kristo aliyerudi: mshale unaanguka mara moja. Anayetaja tarehe ya mwisho wa dunia: Yesu alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye (Mathayo 24:36), kwa hiyo huyu anadai kujua zaidi ya Bwana wake. Anayefundisha kwamba huwezi kufika mbinguni usipopitia kwake, au kwa mafuta yake: ameweka mpatanishi mwingine. Kwingine mshale husogea polepole. Fundisho kwamba umaskini wako ni dalili ya imani haba halikatai Utatu. Mhubiri wake anaweza kukiri Nikea yote. Lakini linambadili Mungu kuwa mlipaji wa riba na msalaba kuwa hatua ya kuruka haraka kuelekea kwenye mali, na Paulo aliyekufa bila nyumba haingii humo. Mimi naliona ni baya, na naona kwamba wengi wanaolihubiri walilipokea tu walikosoma. Hao ni akina Apolo, wanahitaji Prisila.

Hoja zinazotupoteza

"Anafanya miujiza, basi ametoka kwa Mungu." Hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote, na ndiyo Biblia inayoikataa kwa uwazi kuliko zote. Kumbukumbu la Torati sura ya 13 inazungumzia nabii anayetoa ishara na ishara ikatokea kweli, kisha akawaalika watu wafuate miungu mingine. Amri ni kutomsikiliza. Katika Mathayo 7 wapo watakaodai kwamba walitoa unabii, walitoa pepo na kufanya miujiza mingi kwa jina la Yesu, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Kwa hiyo kupona kwa shangazi, tukubali kwa furaha kwamba amepona, hakujathibitisha fundisho lolote. Kama mtabiri anakutajia jina la mama yako na mtaa unaokaa, kumbuka pia umeviweka mwenyewe mtandaoni.

Tulijifunza hili mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliwanywesha watu dawa kikombe kimoja kimoja kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikawa ya kilomita kwa kilomita. Ubishi ukawa: babu ni wa Mungu au tapeli? Bei ile haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri, na wengi walimwona mnyofu. Ila swali la unyofu wake na swali la kama kikombe kinatibu Ukimwi na kisukari ni maswali mawili. Walioyachanganya wakaacha dawa zao.

"Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Ukiuliza hesabu za sadaka, aya hii inatolewa kama kitambulisho cha askari. Inatoka Zaburi 105:15, na ukianza kusoma juu kidogo utaona inasimulia jinsi Mungu alivyowakemea wafalme wasiwadhuru Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache katika nchi za watu. Ni ulinzi wa wanyonge dhidi ya wenye mamlaka, na leo wenye mamlaka wanautumia dhidi ya wanyonge. Hata Daudi, aliyekataa kumuua Sauli kwa sababu alikuwa masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake, alitoka pangoni akamweleza kosa lake kwa sauti (1 Samweli 24). Daudi alipokuwa mfalme, naye aliambiwa na Nathani usoni: wewe ndiwe mtu huyo. Tena waraka wa kwanza wa Yohana, katika sura ile ile inayoonya juu ya wapotoshaji, unawaambia waamini wa kawaida kwamba wao ndio wamepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu (2:20). Mama wa jumuiya anayeuliza maswali ana upako wake.

"Anatoa sana, anajenga kanisa, atakuwaje mwongo?" Markioni alikuwa tajiri mwenye vyombo vya baharini kutoka Ponto, kwenye Bahari Nyeusi. Alipojiunga na kanisa la Roma alitoa sesterti 200,000, fedha za Kirumi. Kisha akaanza kufundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu. Mwaka 144 kanisa likamtenga, na Tertuliano, mwandishi wa Kikristo wa kale, anaandika kwamba fedha zake zikarudishwa. Sijui kamati ngapi za ujenzi leo zingeweza kufanya hivyo paa likiwa bado halijaezekwa.

Kuhusu fedha, Wakristo wa mwanzo walikuwa na kanuni kali kuliko zetu. Didake, andiko la kanisa la karne za mwanzo kabisa, linasema mtume msafiri apokewe kama Bwana, akae siku moja, au mbili ikilazimu. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, vivyo hivyo. Na akisema "kwa Roho" apewe fedha, asisikilizwe, isipokuwa kama anawaombea wengine wenye shida. Mji wetu unaitwa wa waja leo waondoka leo; naona Didake ingependa utaratibu huo kwa wahubiri wageni. Hii haina maana kwamba mchungaji asile. Paulo alitetea haki ya mhubiri kutunzwa. Tofauti iko katika kumlisha anayefundisha na kulipia kutabiriwa.

"Kanisa limesajiliwa." Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, anaangalia katiba, viongozi na kufuata sheria. Hapimi Utatu. Cheti chake hakithibitishi fundisho, na kukosa cheti hakumfanyi mtu kuwa mzushi mbele za Mungu, ingawa kunamweka pabaya mbele ya sheria.

Na Freemason, tuliache. Ni tuhuma isiyo na kipimo, haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na inamwondolea anayeitoa kazi ya kusikiliza kilichosemwa.

Dalili ninazoziogopa mimi

Kundi haliingii msituni siku ya kwanza. Mackenzie alikuwa na kanisa Malindi kwa miaka, na mahubiri yake dhidi ya shule na hospitali yalijulikana kabla ya watu kuhamia Shakahola. Ndiyo maana yale maneno ya Mileto, wawavute wanafunzi wawaandamie wao, naona ni kipimo cha mapema kuliko vingine. Sikiliza mahubiri mwezi mzima ukijiuliza ni nani anayekua machoni pako: Kristo au "baba"? Je, picha ya mtumishi inawekwa ukutani kama kinga? Ukimuuliza swali, anafungua Biblia au anatishia laana? Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, na Luka anawaita waungwana kwa hilo. Mwalimu anayewaona Waberoya wake kama waasi ameshajieleza.

Dalili nyingine kwa watu wa pwani ni msiba. Mtu anapozuiwa kwenda kuzika kwao kwa sababu ndugu "wana madhabahu" ya mizimu, hapo pana kitu. Kutengwa na ukoo ndiko kunakorahisisha yote yanayofuata, kwa sababu hakuna tena wa kukuuliza mbona umekonda.

Kwa hiyo kama dada yako tayari yumo, usimcheke wala usimsuse. Kila dhihaka ya nyumbani inathibitisha alichoambiwa kule, kwamba ndugu ni adui. Mpigie, mtembelee, mwulize maswali ya kawaida: je, mnaruhusiwa kuuliza? Hesabu za sadaka husomwa? Ukihama mtaa ukasali kwingine, itakuwaje? Mwombe msome pamoja Wagalatia, sura moja kwa juma. Kuhusu vidonge vya presha, kisukari, kifua kikuu au ARV, mwambie aombewe hata mara saba, ila asiache dawa mpaka vipimo vya hospitali viseme. Aliyeponywa hapungukiwi kitu kwa kupimwa, na Yesu alimtuma mkoma aliyepona akajionyeshe kwa kuhani.

Pakiwa na watoto, usisubiri mjadala uishe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, matibabu na elimu, na imani ya mzazi haifuti wajibu huo. Mtoto anayefungishwa kula, anayezuiwa kliniki au aliyeachishwa shule kwa "ufunuo" ni suala la ofisi ya serikali ya mtaa, ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na haitozwi.